Rangi Huja Mwisho

Wapendwa wanaparokia, nanyi marafiki mnaotusoma mkiwa mbali,

Juma hili tumeona vema kujibu swali ambalo wengi wenu mmetuuliza, wengine kwa upole baada ya Misa, wengine kwa utani sokoni, na mmoja kwa barua ndefu yenye hoja nzito. Swali ni hili: kwa nini Land Rover ya zamani ya parokia, iliyoanza kushughulikiwa miezi mitano iliyopita, bado imekaa juu ya magogo chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya mapadre, bodi yake imevuliwa, na hata tone moja la rangi halijaigusa? Swali ni la haki. Fedha inayotumika ni yenu, na mwenye mali hana budi kujua mali yake imefikia wapi.

Jibu fupi ni kwamba rangi huja mwisho. Jibu refu linahitaji uvumilivu wenu kidogo.

Vijana wetu wengi wamelijua gari hili kama kiota cha kuku. Lakini wazee wanalikumbuka likiwa kazini. Liliundwa mwaka 1978, nalo ni la aina ya Series III, lenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kwa miaka mingi lilipeleka wagonjwa hospitalini usiku, lilibeba mapipa ya maji wakati wa ukame, saruji ya kujengea vigango, wanafunzi na masanduku yao ya bati, na zaidi ya mara moja lilibeba jeneza. Liliposimama mwaka 2012 halikuuzwa wala halikutengenezwa. Lilisukumwa tu bandani, na kuku wakalirithi.

Tuanze na asili yake, maana asili ya kitu hutueleza pia ugonjwa wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, akitumia kwa kazi za shamba gari la jeshi la Kimarekani, Jeep ya Willys. Yeye na ndugu yake Spencer, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, wakaazimia kuunda gari la namna ile kwa ajili ya wakulima. Lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Siku hizo Uingereza ilikuwa ikigawa chuma kwa mgawo, ilhali alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Hivyo basi bodi ikafanywa kwa mchanganyiko wa alumini, na fremu inayoibeba bodi hiyo ikafanywa kwa chuma. Desturi hiyo iliendelea hata katika Series III, ambazo ziliundwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985.

Hapo ndipo penye fumbo la magari haya. Alumini haipati kutu nyekundu. Gari laweza kukaa nje miaka 40, ukaliosha kwa sabuni na maji, likang'aa, na mtazamaji akaapa kwamba ni zima. Kumbe chini yake iko fremu iliyofanywa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa yakawa kama sanduku refu, lenye uwazi ndani na matundu huku na huku. Maji na matope huingia kwa matundu hayo. Matope yakiisha kuingia hayatoki upesi, wala hayakauki upesi, na kutu huanza kula chuma kutoka ndani kuja nje. Siku unapoona tundu kwa macho, ujue ugonjwa una miaka mingi. Nasi tulio pwani tunayo na chumvi ya bahari, ambayo huharakisha kazi hiyo. Hata alumini yenyewe haisalimiki: pale inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, huliwa taratibu ikageuka unga mweupe. Wahenga hawakuliona gari hili, lakini walilisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Fundi wetu, ambaye nywele zimemgeuka mvi katika kazi hii, hakuanza kwa kufungua boneti. Alitandika mkeka, akalala chali chini ya gari, akashika nyundo ndogo, akaanza kugonga fremu hatua kwa hatua kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilichooza hutoa sauti butu, kama debe lililojaa mchanga. Sisi tulisimama pembeni tukisikiliza. Mbele kengele ililia vizuri. Katikati ikalia kwa mashaka. Alipofika kwenye boriti ya nyuma, ile inayofunga fremu pande zote mbili, sauti ikafa kabisa. Akaiweka nyundo chini, akachukua bisibisi, nayo ikapenya kama inavyopenya kwenye papai bivu. Akatoka chini ya gari, akajifuta mikono, akasema, "Baba Paroko, gari hili lina uso, halina mgongo."

Siku chache baadaye, habari zilipoenea kwamba gari limetolewa bandani na kuoshwa, alikuja mnunuzi. Alikuwa mtu wa heshima na bei yake ilikuwa nzuri. Ingetosha kumaliza paa la darasa la chekechea. Alihitaji gari la kubebea vibarua kwenda na kurudi shambani, watu kumi na zaidi kwa safari moja. Sharti lake lilikuwa moja tu: apewe gari mapema. Fremu ipigwe viraka vya bati jembamba, ipakwe lami nyeusi juu yake, bodi ipigwe rangi, basi. Tulimwonyesha boriti ya nyuma na tundu la bisibisi. Alitabasamu, akasema, "Baba, nani huinama kuangalia chini ya gari?"

Tunawaambia wazi kwamba katika kamati ya fedha jambo hili halikuwa jepesi. Mmoja wa wajumbe, mtu mwadilifu tunayemheshimu sana, aliuliza: "Baba, tumemwambia ukweli, naye bado analitaka. Hapo hatia yetu iko wapi?" Ni hoja yenye uzito, wala hatukuijibu siku hiyo hiyo. Lakini tulipoitafakari tuliona hivi: mnunuzi angejua, ila wale watakaopanda nyuma wasingejua. Kibarua anayedandia gari alfajiri haulizwi kuhusu fremu. Yeye huona rangi, huona siti, hushika bomba, huamini. Rangi ile ingekuwa maneno yetu kwake, na maneno yenyewe yangekuwa ya uongo. Nyuma ya gari hilo fremu ndiyo inayoshika springi, na springi ndizo zinazoshika ekseli. Chuma kikikatika pale mtelemkoni, dereva hana cha kufanya, hata akiwa hodari namna gani. Kamati ikapiga kura. Waliokataa kuuza waliwazidi wenzao kwa kura mbili tu.

Paa la chekechea, basi, bado halijakamilika. Tunalijua hilo kila mvua inaposhuka na walimu wanapowasogeza watoto upande mmoja wa darasa. Hatuwezi kusema kwamba uamuzi wetu haukuwa na gharama. Tunasema tu kwamba gharama hiyo tumeiona, nasi tumekubali kuilipa sisi tuliopo hapa, kuliko kumwachia mtu asiye na habari ailipe barabarani.

Kijana mmoja wa kwaya, anayependa mambo ya magari, alitusaidia kulielewa jambo hili zaidi. Alituonyesha katika simu yake jinsi watu wa Marekani wanavyofufua majumbani mwao magari ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, kama Pontiac GTO na Ford Mustang, yaliyosifika kwa injini kubwa za silinda nane. Magari mengi ya namna hiyo yana bodi za chuma, na wauzaji wasio waaminifu huziba mashimo ya kutu kwa puti, wakapiga msasa na rangi mpaka bodi ikawa laini kama kioo. Kwa sababu hiyo mnunuzi mwenye hekima huenda na sumaku mfukoni. Akiipitisha juu ya bodi, penye chuma sumaku hunasa, na penye puti nene hukataa kunasa. Kijana wetu alikwenda kuchukua sumaku ya spika iliyokufa akaijaribu kwenye Land Rover yetu. Haikunasa popote kwenye mabawa, maana ni alumini tupu. Fundi akacheka, akamwambia, "Hii haitaki sumaku, mwanangu. Hii inataka mtu wa kulala chini."

Basi miezi mitano imekwenda wapi? Tunawaeleza kwa mpangilio, ili kila mmoja ajue.

Kwanza, kufungua. Kila kilichofunguliwa kilipigwa picha kabla ya kuguswa, na kila nati na boliti iliwekwa katika kopo lake, na kopo likaandikwa jina. Hapa vijana wetu walijifunza somo la spana. Gari hili linatumia vipimo vya inchi. Spana ya milimita 13 huonekana kuingia vizuri kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, lakini tofauti hiyo ndogo hutosha kuviringisha pembe za nati iliyoshikwa na kutu, na baada ya hapo hakuna spana itakayoifungua. Fundi alizipiga marufuku spana za milimita uani kwetu. Nati ngumu zilipakwa mafuta ya kulainisha kutu jioni, zikaachwa zilale, na asubuhi zikajaribiwa tena. Nyingine zililala juma zima.

Pili, kuosha ndani ya fremu. Tulipeleka mpira wa maji kwenye matundu ya mbele na kuacha maji yatokee nyuma. Tope lililotoka lilijaza makarai matatu. Mzee wetu katekista mstaafu, ambaye alisafiri katika gari hili tangu ujana wake, alichota tope hilo kwa vidole, akalitazama juani. Tope la juu lilikuwa jeusi, la mabonde ya hapa kwetu. La chini yake lilikuwa jekundu. "Huu ni udongo wa milimani," akasema, "na barabara ile ilitiwa lami zamani." Alisimama hapo kitambo akiwa kimya. Kisha akatutajia, mmoja baada ya mwingine, wagonjwa waliowahi kushuka mlima ule wakiwa wamelala kwenye benchi la nyuma: nani alipona, nani hakufika. Hatukuwa na haraka tena siku hiyo.

Tatu, injini. Ni ya petroli, silinda nne, yenye ujazo wa cc 2,286, na ilikuwa haijazunguka tangu iliposimama. Injini iliyolala hivyo haiamshwi kwa stata, maana ringi za pistoni zinaweza kuwa zimeshikana na kuta za silinda, na nguvu ya ghafla huzivunja. Plagi zote nne zilifunguliwa, oili kidogo ikamiminwa katika kila silinda, ikaachwa ipenye. Kisha tukaingiza hendeli kwa mbele na kujaribu kuizungusha kwa mkono. Siku ya kwanza iligoma. Ya pili iligoma. Siku ya nne ilitoa mlio kama wa mlango wa kale, ikakubali nusu ya mzunguko, na watoto waliokuwa wakichungulia uani wakapiga vigelegele. Petroli ya zamani ilitolewa yote na kabureta ikasafishwa. Injini bado haijawashwa, wala haitawashwa mpaka gari liwe na uwezo wa kusimama.

Nne, breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na maji hayo hula silinda za breki kwa ndani huku nje zikionekana nzima. Kwa hiyo tumenunua silinda mpya, mipira mipya na mabomba mapya, na hapo ndipo sehemu kubwa ya fedha yenu ilipokwenda. Tunapenda pia kuwaonya mafundi wetu wa mitaani kwa moyo wa upendo: bitana za breki za magari ya zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake likivutwa laweza kuleta ugonjwa wa mapafu na hata saratani baada ya miaka mingi. Msilipulize kwa upepo wala kwa mdomo. Lilowesheni kwa maji, mlifute kwa kitambaa, na kitambaa hicho kifungwe na kutupwa mahali salama. Watoto wakae mbali.

Tano, fremu yenyewe. Kabla ya moto kuwashwa, betri iliondolewa, na tangi la petroli likatolewa na kuwekwa mbali kabisa, kwa kuwa tangi tupu lenye mvuke hulipuka kwa urahisi kuliko lililojaa. Kisha fundi akapima fremu kwa utepe, mshazari, pembe hadi pembe, ili isije ikapinda wakati wa kuchomelea. Sehemu zilizooza hazikufunikwa; zilikatwa mpaka chuma kizima kilipoonekana, na chuma kipya chenye unene unaostahili kikachomelewa hapo. Boriti ya nyuma ilitolewa yote na kuwekwa mpya. Vijana wawili waliokuwa wakikaa vijiweni sasa wanaweza kuchomelea mshono ulionyooka, na fundi, ambaye si mwepesi wa kusifu, ameanza kuwaachia nyundo waipime kazi yao wenyewe kwa sikio.

Kilichobaki ni kuipaka fremu dawa ya kuzuia kutu nje, na kuinyunyizia nta laini ndani, kule kusikofikiwa na mkono. Ndipo bodi itakaporudi. Alumini itasafishwa kwa brashi laini, si kwa brashi ya waya wa chuma, kwa sababu waya huacha chembe za chuma zinazoanzisha uharibifu upya. Itapakwa kwanza rangi ya msingi inayoshika alumini, na baada yake rangi ya kijani kama ilivyokuwa. Wengine wenu mmeomba tunyooshe pia ile bonde kwenye bawa la kushoto. Kamati imeamua ibaki. Gari lililofanya kazi halina haja ya kujifanya halikufanya. Makovu yasiyodhoofisha kitu twaweza kuyaacha. Tunachokataa ni kufunika kinachoweza kuua.

Hatukusudii kuligeuza gari kuwa hubiri, nanyi mmekwisha kuona wenyewe linakoelekea. Tunataka kusema jambo moja tu. Kazi ya kufufua kitu cha kale humjaribu mtu mahali pamoja: je, ataanza na kile kitakachoonekana, au na kile kitakachobeba? Sehemu ya juu hulipa upesi. Watu hupita, husifu, hupiga picha. Sehemu ya chini hailipi sifa kabisa. Fundi amelala chini ya gari hili kwa miezi, mchanga ukimwingia machoni, kwa ajili ya chuma ambacho hakuna mpita njia atakayekiona. Lakini siku litakapomteremsha mama mjamzito kutoka kigango cha milimani wakati wa masika, kijani cha bodi hakitamsaidia. Atakayembeba ni boriti ile.

Kwa sababu hiyo tuna ombi. Jumamosi hii na ile inayofuata, kuanzia saa 3 asubuhi, uwanja wa nyuma utakuwa wazi kwa kila mwanaparokia: waliopiga kura ya kuuza na waliopiga kura ya kukataa, na hasa mwenzetu aliyetuandikia barua. Mkeka upo, na nyundo ipo. Njooni mlale chini, mgonge wenyewe, msikie sauti ya kila kipande mlicholipia. Njooni sasa, kwa maana bodi ikirudi juu ya fremu, kazi hii yote itafunikwa, na hamtaiona tena.

Tunawatakia nyote juma jema na lenye amani.

Paroko wenu